Niliuziwa bima ya mkopo adhana ya magharibi ikilia, benki ikasema nimekubali

Wakuu, kuna simu moja niliipokea kule Doha huku mkono mwingine umeshika tende ya kufuturia. Ningeiacha iite mpaka ichoke yenyewe, leo nisingekuwa na uzi wa kuwaandikia.

Heshima kwenu nyote. Shikamooni mlionizidi umri, ingawa humu ndani sidhani kama mko wengi.

Ninayoyasimulia yamenikuta mwenyewe. Pale nilipokosea nitasema nilikosea, maana nimeshafika umri ambao kujipamba hakunisaidii kitu. Nimesoma mpaka form four tu, kwa hiyo wasomi mtanivumilia. Jina la benki sitalitaja. Mods msinifungie.

Twende taratibu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuwa bawabu wa hoteli moja pale West Bay, kazi ya kufungua mlango na kusema welcome kwa watu ambao hawakuangalii usoni. Sikuidharau. Imenisomeshea watoto.

Ramadhani moja nikaomba mkopo benki, wa kumalizia nyumba yangu ya Makorora. Mke wangu alikuwa ameshachoka kunitumia picha za kuta zisizo na bati. Aliniandikia hivi: "Baba Zuhura, nyumba yetu inaona nyota kuliko sisi."

Mkopo ulikuwa karibu kupita. Nikaambiwa nitapigiwa simu ya kuthibitisha.

Sasa simu ikaja lini? Tumekaa canteen ya wafanyakazi, sahani ziko mbele yetu, sambusa zinatoa moshi, televisheni inaonyesha mzinga wa futari, ule unaopigwa jua likizama, unaandaliwa. Kila mtu anamwangalia yule askari wa mzinga kama anayemdai.

Simu ikaita. Namba ya benki.

Jirani yangu, Mbangladeshi mmoja mpole, akanionyesha kwa kichwa, yaani achana nayo. Mimi nikaipokea. Roho yangu ilikuwa kwenye bati.

Akaongea binti kwa Kiingereza. Kusikia cha kwangu tu, akacheka, akahamia Kiswahili. Mkenya. Wakuu, mtu umeshinda unaongea Kiingereza cha mlangoni, halafu sauti nyororo inakuita Baba kwa lugha ya nyumbani! Nililainika kama mkate kwenye chai.

"Baba, mkopo wako umepita. Nipatie dakika mbili tu nikumalizie."

"Malizia, mwanangu."

Mzinga ukapigwa. Adhana ikaanza.

Mnaojua mnajua. Adhana ikilia tunanyamaza, tunaijibu kwa chini chini maneno yake kwa maneno yake. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na marehemu mama, ambaye ukiongea kwenye adhana alikufinya kwanza, maelezo baadaye. Nikatia tende mdomoni, nikanyamaza, simu iko sikioni.

Binti wa watu, si Muislamu, yeye akaendelea kusoma. Kuna bima ya kulinda mkopo. Ukipoteza kazi bila kosa lako, bima inalipa marejesho miezi sita. Makato yake ni madogo, yanaingia humo humo kwenye mkopo.

"Baba, kama huna pingamizi, naendelea."

Mimi nipo kwenye adhana.

"Basi Baba, tutahesabu umekubali."

Adhana ikaisha, nikasoma dua yangu, nikatema kokwa. Nikamwuliza, "Samahani mwanangu, ulikuwa unasemaje?"

"Tumemaliza, Baba. Ufuturu salama."

"Ahsante sana. Mungu akubariki."

Nikakata simu nikala sambusa.

Baadaye ikaja SMS ndefu ya Kiingereza na Kiarabu. Kiingereza nakisoma. Sikuisoma. Hapo hakuna wa kumlaumu isipokuwa mwenye macho yake. Niliona neno insurance, nikasema alhamdulillah, nimelindwa. Nikaanza na kujitapa chumbani kwetu: "Mimi hata kazi ikiisha, nina bima."

Chumbani nilikuwa naishi na Wafula, nesi, Mkenya wa Bungoma, mtu mzima wa makamo mwenye mdomo mrefu na roho nyeupe. Kila Ijumaa, ambayo Doha ndiyo siku ya mapumziko, anakwenda kanisani Mesaimeer, akirudi ananiletea chapati. Aliniangalia tu akasema, "Mzee, bima haijawahi kuwa na haraka ya kulipa mtu. Omba tu usiihitaji."

Nikaihitaji.

Mwaka uliofuata hoteli ikapunguza watu. Wazee tukaitwa wa kwanza, tukapewa mkono na cheti chenye maua. Si kwa ubaya, biashara ilikuwa imelala.

Nikaenda benki kifua mbele kudai bima yangu. Wakabonyeza kompyuta, wakanirudishia jibu: bima hii haimhusu mtu aliyeshavuka miaka sitini siku ya kujiunga.

Wakuu, siku ya ile simu mimi nilikuwa nimeshavuka. Pasipoti yangu walikuwa nayo. Yaani walinikata mwezi baada ya mwezi kwa kitu ambacho hata ningefukuzwa kesho yake kisingenilipa. Ni kama kumuuzia kipofu kioo, halafu umdai na gharama ya kukifuta vumbi.

Ubaya zaidi, kiinua mgongo changu kilikuwa kimeingia benki hiyo hiyo. Wakakizuia chote mpaka mkopo uishe. Na mnaoishi kule mnajua, ukiwa na deni la benki lenye mgogoro usijaribu kwenda uwanja wa ndege na sanduku. Utarudishwa nalo.

Na mimi nilikuwa na safari.

Binti yangu wa mwisho, Zuhura, alikuwa ameposwa. Nikaha ilipangwa mfungo tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani. Dada zake wawili wakubwa niliwaoza nikiwa kule kule, kila mmoja kwa uwakala wa mdogo wangu Mbwana, akisimama badala yangu, sababu ni ruhusa, sababu ni kazi. Kwa Zuhura niliapa. Nilimwambia tangu yuko darasa la saba: wewe nitakuoza kwa mkono wangu, hata kama nitakuja na nguo za bawabu.

Hilo ndilo lililonipeleka mbio kwenye malalamiko. Pesa ingekuja ikienda. Mimi nilitaka kuwahi nikaha.

Rafiki mmoja akanitafutia kazi ya kulinda duka la vitambaa Al Sadd, karatasi zangu za ukaazi zikahamishwa, nikabaki kihalali. Halafu nikaandika complaint.

Hapa napo nilikosea, mnaweza kucheka. Niliandika kwa adabu za kwetu. Ukurasa wa kwanza wote nawasalimu. Natumaini nyote ni wazima, na familia zenu, na kazi inaendelea vizuri. Nawashukuru kwa mkopo. Naomba radhi kwa kuwasumbua. Shida yenyewe ikatokea mwishoni, imejificha kama mgeni aliyechelewa harusini.

Benki wakajibu haraka. Ombi limekataliwa. Mteja alielezwa bima kwa simu, "hakutoa pingamizi, na mwisho alishukuru." Wakaambatanisha maandishi ya mazungumzo, neno kwa neno. Na kweli, mahali pangu palikuwa na neno moja tu la Kiingereza, limerudiwa mara kadhaa: silence. Halafu chini kabisa: ahsante sana, Mungu akubariki.

Nikaona nimekwisha. Mtu mzima, nimenyamaza, nimeshukuru, nimebariki. Nani atanisikiliza?

Nikampa Wafula asome barua zote mbili, ya kwangu na ya kwao. Alisoma ya kwangu kwanza. Akavua miwani.

"Mzee, hii ni complaint ama ni kadi ya Krismasi?"

"Ni adabu, Wafula."

"Watu wamekula pesa yako na wewe unawauliza kama watoto wako poa!"

Akasoma ile ya mazungumzo. Hapo hakucheka.

"Lakini mzee, mbona ulinyamaza? Wewe huwa hunyamazi. Hata ukilala unaongea."

"Si ilikuwa adhana."

"Adhana gani?"

Nikamweleza. Mzinga, tende, adhana ya magharibi. Kwangu lilikuwa jambo dogo kiasi kwamba sikulitia hata kwenye barua. Ni kama kumweleza mtu kwamba wakati huo ulikuwa unapumua.

"Sasa si ungemwambia tu, hold on?"

"Kwenye adhana hatuongei."

"Hata hold on?"

"Hata hiyo."

Akasimama. Akapiga kitanda ngumi. "Mzee! Kesi yako yote iko hapo, na wewe umeikalia kama kuku! Kwa karatasi wameandika silence. Adhana haiandikwi. Waambie wasikize recording!"

Wakuu, nimeswali tangu utotoni, na aliyenionyesha uzito wa kunyamaza kwangu ni mtu anayekwenda kanisani Mesaimeer. Allah ana namna zake.

Tukaandika upya, safari hii kwa ofisi ya serikali inayosikiliza migogoro ya wateja na benki. Wafula alinikataza salamu. Nikamwomba walau moja. Akanipa "Dear Sir". Barua ilikuwa fupi mpaka niliona haya kuituma. Umri wangu, tarehe ya simu, na ombi moja: tafadhali msisome mazungumzo, yasikilizeni.

Kisha tukangoja. Kungoja huko ndiko kulikonimaliza.

Mfungo mosi ukapita. Mfungo pili ukapita. Nyumbani upande wa bwana harusi ukaanza kuuliza kwa heshima. Wakasogeza siku, mara moja. Mama Zuhura akanipigia: "Kwani hiyo benki imekuoa? Sema tujue, tukae eda."

Nikacheka, nikamwomba anipe muda.

Siku ya pili iliyopangwa ilipokaribia, akapiga Zuhura mwenyewe.

"Baba, tukungoje? Mimi nitangoja. Nimeshamwambia na mwenzangu, atangoja."

Bwana harusi alikuwa amepata kazi Mtwara, anatakiwa kuripoti. Mzee wake mgonjwa, anataka kuona nikaha ya mwanawe. Ningesema ningojeni, wangeningoja, na wote wangepata tabu kwa ajili ya simu yangu.

"Msiningoje, mwanangu. Olewa."

"Baba, uliahidi."

"Najua. Baba yako mwongo."

"Si mwongo. Umenyimwa njia tu." Kisha, huyo ndiye Zuhura, akaongeza, "Lakini zawadi yangu usifikiri nimesamehe."

Nikampa Mbwana uwakala kwa simu, mbele ya mashahidi. Siku yenyewe nikakaa kitandani Doha na kanzu yangu niliyoipiga pasi, simu imesimamishwa kwenye gudulia la maji. Wenzangu wa chumbani wamejaa, Wabangladeshi, Mganda mmoja, Wafula na tai shingoni, sijui aliitoa wapi. Picha ikawa inakatika katika. Nikaona mkono wa Mbwana umeshika mkono wa kijana. Nikasikia jina langu linatajwa, kwa idhini ya baba yake fulani bin fulani. Kijana akakubali kwa sauti kubwa.

Wafula akaninong'oneza, "Tayari? Sasa nipige makofi ama?"

"Piga kigelegele."

Wakuu, hamjasikia kigelegele mpaka msikie cha nesi wa kiume wa Bungoma. Kule Tanga wanawake walinyamaza wakaulizana hiyo sauti imetoka wapi, halafu wakajibu kwa nguvu mpaka simu ikaanguka kutoka kwenye gudulia. Tukala biriani. Nilifurahi kweli, sitawadanganya. Na nilipokwenda kuosha mikono nilikaa bafuni zaidi kidogo ya kawaida.

Hazikupita siku nyingi nikaitwa kwenye shauri langu.

Chumba kidogo, baridi ya AC ya kugandisha samaki. Msikilizaji wa shauri alikuwa mzee wa Kiqatari, ndevu nyeupe, tasbihi mkononi. Kulikuwa na mkalimani, mama wa Kizanzibari aliyeniamkia shikamoo nikapata nguvu. Na upande wa pili afisa wa benki, kijana wa suti, mwenye adabu lakini ana haraka.

Afisa akasema maandishi yanatosha. Mzee akaniangalia.

"Ya hajji, unataka nini?"

"Nataka usikilize, ami. Usisome."

Akafanya ishara, recording ikawekwa.

Sauti ya binti ikatoka, Baba, nipatie dakika mbili tu. Mkalimani anatafsiri sentensi kwa sentensi. Sauti yangu, malizia mwanangu. Halafu, buuum! Mzinga wa televisheni ya canteen. Afisa wa benki akaruka kwenye kiti.

Adhana ikaanza kujaza kile chumba.

Mkalimani akanyamaza katikati ya sentensi. Mkono ukaenda kwenye mtandio, akauvuta mbele. Yule mzee akaacha kuhesabu tasbihi, akainamisha kichwa, nikaona midomo yake inakwenda. Na mimi vivyo hivyo. Wajuzi wa fiqhi mtaniambia adhana ya kurekodiwa haijibiwi. Naelewa. Lakini mazoea ya miaka yote hayo hayasubiri fatwa.

Chini ya adhana binti anasoma bima, hakuna anayetafsiri.

Afisa wa benki akaona kimya. "Sir, kama unavyosikia, mteja hakupinga. Naweza kuendelea?"

Mzee kimya.

"Sir? Basi kama hakuna swali, nadhani tunaweza kufunga."

Mzee kimya. Afisa akaanza kukusanya karatasi zake.

Adhana ikaisha. Kwenye recording ikasikika kokwa inatemwa kwenye sahani, ting! Mkalimani akauma mtandio kuzuia kicheko. Na sauti yangu: samahani mwanangu, ulikuwa unasemaje?

Mzee akamaliza dua yake, akafuta uso, akamgeukia afisa wa benki taratibu.

"Uliniuliza kitu sasa hivi."

"Ndiyo, Sir. Kama tufunge."

"Nilikujibu?"

"Hapana, Sir."

"Nilikubali?"

Yule kijana akaangalia spika, akaangalia tasbihi, akaniangalia mimi. Kisha, na hapa nampa heshima yake, akatabasamu kama mtu aliyejikuta amekaa kwenye kiti kilichopakwa rangi.

"Hapana, Sir. Hukukubali."

"Basi na hajji hakukubali." Halafu akaniuliza kwa upole, "Ile tende ilikuwa ya aina ya khalas?"

"Ilikuwa khalas, ami."

"Maskini. Tende nzuri kama ile wamekuharibia."

Chumba kizima kikacheka, afisa wa benki naye.

Kabla hatujaondoka nikamwomba mkalimani awaambie yule binti asiguswe. Alikuwa anakimbiza target, na hakujua. Afisa akasema ameshaacha kazi zamani. Popote ulipo, mwanangu, mimi nawe hatudaiani.

Uamuzi ukatoka kwa maandishi: bima iliuzwa kwa mtu asiyestahili na ambaye hakukubali. Makato yote yarudi, na ile miezi ambayo bima iliahidi kubeba, benki ibebe. Kilichobaki cha mkopo kikakatwa kwenye kiinua mgongo, na kilichobaki cha kiinua mgongo kikawa changu, na barua ya kumaliza deni juu.

Usiku ule Wafula aliisoma ile barua kwa sauti chumbani kama anasoma habari za saa mbili. Alipofika kwenye neno upheld, yaani lalamiko limekubaliwa, akaipiga busu.

Nimerudi nyumbani, wakuu. Naandika haya barazani Makorora, chini ya bati langu mwenyewe. Mvua ikinyesha Mama Zuhura anapiga kelele, "Sikiliza! Ndiyo ile bima yako inapiga ngoma!" Zuhura alikuja kutoka Mtwara na mumewe, ana mimba kubwa, akapekua masanduku yangu yote akitafuta zawadi yake. Mkwe ni kijana mzuri. Ananiogopa bila sababu.

Ninachowaachia wadogo zangu mlioko Ghuba ni hiki. Mtu akikusomea masharti ya pesa wakati akili yako iko kwa Mola wako, au kwenye chungu, au kwa mgonjwa, kata simu kwa adabu umpigie baadaye. SMS isome hata kama ni ndefu kama sura ya Yasin. Na malalamiko yakikataliwa, mtafute mtu asiye wa mila yako umsimulie tena tangu mwanzo, atauliza lile ambalo wewe huoni sababu ya kuliuliza.

Mlioshughulika na bima za mikopo huko mliko, shusheni uzoefu wenu hapa chini. Mnaotaka kunicheka kuhusu kokwa nanyi karibuni, Wafula ameshawatangulia.

Naongeza hapa baada ya uzi kupanda: kuna mmoja ameniuliza PM swali zuri, nimeona nimjibu hadharani. Ameandika: mzee, pesa zako zimerudi, umeshinda, sasa ile simu ilikugharimu nini hasa?

Mdogo wangu, nina mabinti watatu na wote wameolewa. Sijawahi kuushika mkono wa bwana harusi hata mmoja nikamwambia nimekuoza binti yangu. Zuhura alikuwa wa mwisho.